Jibu: Nagombea udiwani, je, nifiche wokovu wangu?

Bwana Yesu asifiwe, dada. Umeuliza kama ukigombea udiwani huko Moshi ukae kimya kuhusu wokovu wako, maana wamekwambia siasa na dini havichangamani.

Usifiche. Katiba yetu ya 1977 inasema nchi haina dini, na ibara ya 20 inazuia chama cha siasa kuandikishwa kwa ajili ya kuendeleza dini. Lakini ibara ya 19 inakulinda wewe kama mtu. Mwalimu Nyerere alikuwa akihudhuria misa waziwazi akiwa Rais, na bado Waislamu walimwita baba.

Nimekuwa mwenyekiti wa kijiji huku mlimani miaka mitano. Kutaja Yesu mkutanoni hakukuwa kugumu hata kidogo. Ugumu ulikuja jioni moja mzee wa usharika wetu, mtu aliyenilea kiroho, alipotaka nimgongee mhuri kwenye karatasi ya kuchukua kihamba, yaani shamba la ukoo, cha mjane wa mdogo wake. Nilikataa. Nilimwambia mbele ya mke wangu kwamba nimeogopa Mungu, na niliumia sana kusema hivyo. Miezi mingi hatukupeana mkono kanisani. Yule mama bado anavuna ndizi zake pale.

Kwa hiyo sema imani yako wakikuuliza, ila kura usiombe madhabahuni. Na kabla hujarudisha fomu, nenda kaongee na akina mama wa Kiislamu wa kata yako, uwasikilize shida ya maji.