Mapambo kwa mfuko mdogo: shazia kabla ya gundi

Barua zimezidi nafasi, kwa hivyo maswali nimeyafupisha. Walioniuliza wapi pa kupata maua ya plastiki kwa bei ya jumla wasisubiri jibu hapa.

Assalaam aleikum, Bi. Nina doti ya leso, yaani jozi ya kanga, ambayo sijaivaa na nataka kuishonea foronya za mito ya sebuleni. Fundi aniambia kila leso hutoa mbili tu, na kila foronya yataka zipu. Ni kweli? Langoni, Lamu

Waaleikum salaam. Si kweli. Leso nyingi zina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Pima yako kwanza, maana viwanda hutofautiana. Kata vipande vitatu vya sentimita 43, ukikata kufuata upana, kutoka pindo la juu hadi pindo la chini. Kila kipande ni foronya nzima ya mto wa 40 kwa 40: sehemu ya katikati ndiyo uso, na ncha mbili zinakunjwa nyuma zikapandana kama sentimita 30. Mto hauchomoki hata watoto wakiurusha. Zipu ya nini? Kwa hewa yetu ya chumvi, zipu ya chuma hushika kutu kitambaa kikiwa bado kizima. Tena ncha za juu na chini ni ukingo wa kitambaa chenyewe, hazifumuki, kwa hivyo unashona mbavu mbili tu. Leso moja foronya tatu, doti foronya sita.

Lakini usishike mkasi kabla hujaitandaza leso sakafuni na kuisoma. Jina huwa refu kuliko sentimita 43. Ukikata, kila mto utabeba kipande cha neno, na mgeni akiugeuza atakuta upuuzi. Kama wewe walipenda jina lake, kata leso moja tu. Ya pili ishone foronya ya takia refu, jina likae zima mbele ya macho. Na leso mpya ina wanga na rangi ya ziada. Ifue peke yake kwa maji baridi mpaka maji yatoke safi, ndipo upime. Chumvi mnayoambiwa mtie haizuii rangi ya kiwandani kuchuja. Kinachosaidia ni kuisuuza tena na tena.

Kwa mapambo ya ukutani, gundi ya bastola ni bora au gundi ya mbao? Malindi

Sindano ni bora, hata ile nene ya kushonea mikeka iitwayo shazia. Gundi ya bastola hulainika kwa joto la chini ya bati, na ile nyeupe ya mbao haiupendi unyevu. Nimeandika hivi kila mwaka na nitaandika tena.

Nataka kupamba fremu ya kioo kwa makombe ya baharini. Niyasafishe vipi yasinuke? Shela, na wengine wengi

Swali hili limerudi, na kila anayeuliza anataka dawa ya harufu. Dawa hakuna. Kombe linalonuka ni kombe lililookotwa likiwa na mnyama ndani. Mmemuua awe pambo, na sasa anaoza sebuleni kwenu. Msitake niwape maji ya klorini ya kuficha jambo hilo.

Hata yale matupu yana kazi yake. Wapo kaa wasio na gamba la kutosha mgongoni, wanaohamia kombe tupu kila wanapokua. Ukijaza gunia, umewavunjia nyumba. Yaliyobaki husagika yakawa mchanga wa ufuo huohuo tunaojivunia. Juu ya hayo ipo sheria. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zipo tangu 1968, na ndani yake huruhusiwi kuondoka na kombe, tumbawe wala kitu kingine. Kwetu kaskazini ipo hifadhi ya Kiunga tangu 1979. Na anayeuziwa kitana au bangili ya gamba la kasa ng'amba kwa siri ajue kwamba biashara hiyo kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku na kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 ina adhabu nzito. Zawadi ya kumtia mtu mashakani uwanja wa ndege si zawadi.

Fremu nzuri ya kioo inatoka kwenye ukili, ule ukanda mrefu uliosukwa ambao hushonwa kuwa mkeka. Mwombe fundi seremala akukatie duara la ubao mwembamba lenye tundu katikati, tundu hilo liwe dogo kidogo kuliko kioo chako. Toboa vitundu kuzunguka ukingo wa ndani na wa nje. Chukua ukili wa upana wa vidole vitatu, anza kwenye ukingo wa ndani, uzungushe kuelekea nje huku ukishona kila mzunguko na mwenzake kwa shazia, kama anavyoshona mwenye mkeka. Mzunguko wa kwanza na wa mwisho upitishie kwenye vitundu vya ubao. Kioo kikae nyuma, kishikwe kwa kipande cha tanga kuukuu kilichoshonwa kukizunguka. Ukili uloweshe kidogo kabla ya kuuzungusha, maana ukiwa mkavu huvunjika kwenye kona, kisha kausha kazi yote kivulini kwa kaskazi. Usiifanye wakati wa masika, itaota ukungu kabla hujaitundika.

Bi, nilikwenda Matondoni kununua mikeka ya zawadi, kina mama wakanitajia bei kubwa. Mtandaoni ipo ya plastiki kwa nusu yake. Nipatane nao vipi washuke? Mokowe

Usipatane nao washuke. Kaa nao barazani siku moja utazame, kisha urudi kwenye bei.

Miyaa, yale majani ya kusukia, haiokotwi njiani. Mtu huingia porini kuikata kwenye mikoma, huichana, huianika, akairudisha tena ndani ikinyesha. Ya rangi huchemshwa, na kuni hununuliwa. Ndipo kusuka kuanze: ukili husukwa pima kwa pima (pima ni urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa), mikono ikipasuka, kati ya kupika na kuosha na kulea. Ukili ukishatosha huunganishwa kwa shazia, mstari baada ya mstari, na anayeshona vibaya anaharibu kazi ya waliosuka wote. Kisha wewe waja na simu mkononi, wamwonyesha picha ya jamvi la plastiki.

La plastiki halitapasuka mwaka huu, ni kweli. Litapauka juani, litakatika vipande, na vipande vitaishia mkondoni. Mkeka ukichakaa unarudi udongoni. Lakini hata tukiacha hayo, mfuko mdogo ni jambo la kukufanya upunguze ukubwa wa unachonunua, si malipo ya aliyekifanya. Huna pesa ya mkeka? Nunua kawa, kile kifuniko cha chakula cha kusukwa. Huna ya kawa? Nunua pima mbili za ukili utengeneze vitandiko vya vikombe: zungusha ukili mwembamba, shona, funga ncha. Vitandiko sita ndani ya kijimfuko cha leso ni zawadi ya mtu mzima, na mama wa Matondoni amelipwa alichotaka.

Na wanaowauzia watalii mikoba ya ukili hapa mjini kwa bei mara kadhaa ya ile waliyomlipa msukaji, wao pia wanasoma ukurasa huu.

Naweza kupaka rangi ukindu mwenyewe nyumbani? Faza

Waweza. Chana, anika, chemsha kwenye maji ya rangi ya unga, anika tena kivulini. Sufuria ya rangi isirudi jikoni kamwe, hata ukiisugua kwa mchanga. Na vaa mipira ya mikono.

Nimepanga nyumba ya kale Mkomani. Nataka kutundika picha na rafu ndogo, lakini msumari ukiingia ukuta wabomoka. Nitumie msumari gani?

Hakuna msumari utakaokufaa. Ukuta wako ni matumbawe na chokaa. Msumari hung'oa lipu kipande kizima, na ukibaki ndani hushika kutu, hufura, hupasua hata pale ulipokuwa pazima. Waliojenga nyumba hiyo hawakupigilia misumari. Walikuachia zidaka, vile vishubaka vilivyojengwa ndani ya ukuta, na ndani yake waliweka sahani za kauri na vitabu. Ziheshimu: katika kila zidaka tatu, weka vitu katika mbili, ya tatu iache tupu, ukuta upate nafasi. Picha zitundike kwa kamba kutoka kwenye boriti za dari. Fundi wa majahazi atakuonyesha kifundo kisicholegea. Rafu ipate miguu, ikae sakafuni imeegemea ukuta.

Kubwa zaidi: usijaribu kuziba mashimo kwa simenti, na usipake rangi ya mafuta. Kuta hizo hunyonya unyevu na kuutoa. Ukizifunika, maji hukaa ndani, chumvi husukuma kutoka, na lipu huanza kubambuka kama magamba ya samaki. Chokaa huzibwa kwa chokaa. Mji huu wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 2001, na kwa jambo lolote linalogusa mlango wa kuchonga au ukuta wa nje, pita kwanza kwa watu wa Makumbusho ya Taifa. Mwenye nyumba akikwambia si lazima, wewe pita tu.

Je, naweza kujikatia vijiti vya mikoko vya kutengenezea rafu hiyo ya kuegemea? Hindi

Hapana. Mikoko hukatwa kwa kibali cha shirika la misitu (KFS). Nunua fito kwa mwenye kibali, au omba mabaki kwa mafundi wa majahazi. Mbao za chombo kilichovunjwa zina rangi na makovu ambayo hakuna seremala awezaye kuyaiga.

Shikamoo Bi. Rafiki yangu aolewa baada ya mwezi. Mimi ni mwanafunzi, sina kitu. Nataka zawadi isiyonitia aibu mbele ya wenye masinia ya vioo na karatasi zinazong'aa.

Marahaba, mwanangu. Wale wenye karatasi zinazong'aa watazichana na kuzitupa jioni hiyohiyo, kwa hivyo wasikutishe.

Nunua kawa moja isiyo na rangi, pamoja na kipepeo kimoja cha mkono cha kupepea. Tafuta leso kuukuu yenye pindo zuri, ya mama au ya nyanya, ile iliyokwisha katikati lakini pembeni bado nzima. Kata ukanda wa pindo, pinda kingo, uzungushie mdomo wa kawa kwa mshono mdogo mdogo usioonekana, na kipepeo ukifanyie vivyo hivyo kwenye mpini. Viwili hivyo ni jozi, na atavitumia akiwa na wajukuu. Ndani ya kawa weka ubani kidogo na vijiti vya udi ndani ya mfuko wa kitambaa, kadiri utakavyoweza. Udi kidogo wa kweli unashinda chupa kubwa ya marashi ya kuigiza.

Siku ya harusi yenyewe umtungie vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia. Tumba za asmini zichumwe alasiri zikiwa bado zimefumba. Usiku zitafunguka zenyewe. Pitisha sindano kwenye kikonyo, si kwenye tumba, na uchanganye na mrehani na vipande vya mkadi. Vihifadhi ndani ya kitambaa kibichi, mbali na friji, mpaka saa ya kumpelekea. Visikae mpaka kesho yake, kwa hivyo usiwahi kuvitunga, hata ukiwa na haraka gani. Vyote vifunge ndani ya leso, ufunge fundo juu. Leso nayo ni zawadi.

Mishumaa ndani ya vifuu vya nazi, chini ya makuti, je ni salama? Kipungani

Hapana, hapana. Makuti hushika moto kabla hujapata ndoo, na jirani yako pia ana makuti. Kifuu kipige msasa ndani na nje, kitoboe vitundu, ukipake mafuta ya nazi, uweke ndani taa ndogo ya betri. Mshumaa uwake barazani, penye sakafu ya mawe, mtu akiwapo.

Mimi ni mwalimu wa msingi. Natafuta kazi ya mikono ya wanafunzi hamsini na bajeti sina kabisa. Kizingitini

Mwalimu, nenda nao ufuoni na magunia. Ndara zinazoletwa na maji hazihitaji bajeti wala kibali, na bahari itakushukuru. Wanafunzi wako wanalijua jahazi la Flipflopi, lililojengwa hapa Lamu kwa plastiki iliyookotwa, likavishwa ndara za rangi, likasafiri mpaka Zanzibar mwaka 2019. Waambie chombo kile kilianza kwa takataka hizohizo.

Ndara zioshwe kwa sabuni na brashi, zianikwe. Kukata ni kazi yako na ya mzazi mmoja mwenye kisu kikali. Watoto wasishike kisu. Kata miraba ya sentimita mbili. Wao watoboe kwa shazia na kutunga kwenye uzi wa kuvulia, wakibadilisha rangi kwa mpango: kila mtoto uzi mmoja wa urefu wa mlango. Nyuzi za kutosha zikifungwa kwenye ufito mmoja ni pazia la mlango wa darasa, na katika hizo hamsini zinabaki za mlango wa ofisi. Msiyeyushe ndara kwa moto ili kuziunganisha, moshi wake ni sumu na ninajua shule zinazofanya hivyo. Makombo ya kukatia yasiachwe uwanjani, upepo wa kusi utayarudisha baharini. Yashindilieni ndani ya mfuko wa tanga kuukuu, mshone mdomo kwa uzi wa nailoni, mpate mto wa kukalia barazani.