Nakuru hadi Iten kwa baiskeli kupitia Bonde la Kerio: jibu langu

Ndugu uliyeuliza kama baiskeli ya mtumba yenye gia inaweza kukutoa Nakuru hadi Iten kupitia Kabarnet, na kama milima yetu inafanana na ile ya Alps unayoitazama kwenye runinga kila Julai wakati wa mbio za baiskeli za Tour de France: inaweza, na inafanana kuliko unavyodhani. Njia hiyo nimeipita mara tatu, mbili peke yangu na moja na shemeji yangu. Waliotangulia kukujibu wamekutisha na kupanda. Mimi naona kupanda kunachosha tu, na uchovu hulala ukaisha. Kinachoamua safari hii ni saa utakayofika chini bondeni, na hali ya breki zako unapoteremka kwenda huko.

Kwanza hilo la Alps. Alpe d'Huez kule Ufaransa, ule mlima wa kona 21, ni kilomita 13.8 zenye mwinuko wa wastani wa asilimia 8.1. Wale jamaa wakifika kileleni wako kwenye kimo cha takriban mita 1,850, na hicho ndicho kimo cha mji wa Nakuru. Yaani wanapomalizia wao ndipo wewe unapofunga mlango wa nyumba yako na kuanza. Iten iko mita 2,400 hivi, na Mto Kerio pale kwenye daraja la Chebloch, chini bondeni, uko chini yake kwa zaidi ya mita 1,000. Ukitoka darajani ukafika lango la Iten, kazi ya miguu uliyofanya haiko mbali na ya Alpe d'Huez, ila barabara yetu inaigawa katika umbali mrefu zaidi. Usijidharau, na usiidharau barabara.

Siku ya kwanza haina makuu. Nakuru hadi Marigat ni karibu kilomita 100, na kwa jumla unateremka: Mogotio, mashamba ya katani, kibao cha ikweta, halafu joto linaanza kukupokea polepole. Lala Marigat. Kuna gesti za bei nafuu na nyama ya mbuzi nzuri. Siku ya pili ni Marigat hadi Kabarnet, kilomita 40 hivi za kupanda Milima ya Tugen. Toka alfajiri, panda bila haraka, na kila ukisimama kupumua geuka nyuma utazame Ziwa Baringo. Njiani utaona chupa za asali zimepangwa kando ya barabara. Nunua ndogo, uichovye na mkate. Sijapata chakula cha mlimani kinachoishinda.

Kuhusu gia, kwa sababu umesema yako ina meno 42 mbele na 28 nyuma kwenye gia nyepesi kabisa. Haitoshi ukiwa na mzigo. Hapo kila pedali ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara moja na nusu, na kwenye kona za kupanda Tambach kuelekea Iten magoti yatalia. Tafuta baiskeli yenye gia tatu mbele, ndogo yake iwe na meno 22 au 24, na nyuma meno 34. Kwa 24 mbele na 34 nyuma, pedali mzunguko mmoja inakusogeza mita moja na nusu hivi. Ukikanyaga mara 60 kwa dakika unakwenda kilomita tano na kidogo kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea, lakini unakwenda umeketi na mzigo haukuvuti nyuma. Mafundi wa baiskeli Nakuru wanavyo vifaa hivyo vya mtumba, ila mwambie fundi aweke na mnyororo mpya siku hiyo hiyo. Mnyororo uliolegea huruka meno pale pale unapouhitaji.

Sasa breki. Hapa naomba usome polepole.

Safari yangu ya kwanza niliondoka Kabarnet asubuhi nikiwa na furaha. Kutoka mjini barabara inaanguka kuelekea Bonde la Kerio, kona baada ya kona, ukingo wa Elgeyo umesimama mbele yako kama ukuta wa bluu. Niliogopa mwendo, nikazishika breki zote mbili bila kuziachilia. Sijui ni dakika kumi au zaidi. Kwenye kona moja tyubu ya nyuma ikapasuka kwa mlio wa bunduki. Nilidhibiti baiskeli kwa sababu palikuwa na nafasi upande wa kushoto. Upande wa kulia palikuwa na lori linapanda.

Nilipoinama kutoa gurudumu nikagusa rimu, nikaunguza vidole viwili. Nikadondoshea tone la maji kutoka kwenye chupa. Lilichemka, likatoweka. Ndani ya tairi kiraka changu cha zamani kilikuwa kimeteleza kutoka mahali pake, gundi imelainika na kuvutika kama asali ya Baringo, tundu liko wazi kando yake. Joto la kusugua breki lilikuwa limepita kwenye rimu, likaingia kwenye hewa ya tairi na kwenye gundi. Kijana wa bodaboda alisimama, akatazama, akasema, "Mzee, ungeiacha breki ipumue. Hata sisi hapa tunashuka na gia." Akanisubiri hadi rimu ikapoa, akanishikia tochi ya simu ndani ya tairi nitafute kama kuna mwiba, na akakataa pesa.

Tangu siku hiyo nateremka hivi. Naketi wima ili upepo wa kifua unipunguze mwendo. Nashika breki kwa nguvu kabla ya kona, mbele na nyuma pamoja, mwendo ukishuka naachilia kabisa, napita kona nikiwa huru. Sishiki kidogo kidogo muda wote. Kila baada ya kilomita tatu au nne nasimama mahali penye nafasi, nasogeza mgongo wa mkono karibu na rimu bila kugusa, na nikisikia joto kali nakula ndizi hadi lipungue. Raba za breki naweka mpya kabla ya safari, na naibeba jozi nyingine. Kama baiskeli yako ina breki za diski, rimu imepona, lakini diski nayo huchemka na breki zikaanza kupoteza nguvu, kwa hiyo utaratibu ni ule ule. Na usiweke kiraka kwenye tyubu ya nyuma kwa safari hii. Anza na tyubu nzima, viraka viwe vya dharura.

Halafu bonde lenyewe. Hewa hupungua joto kwa nyuzi sita hivi kila unapopanda mita 1,000, na inapanda joto vivyo hivyo ukishuka, kabla hata jua halijaongeza lake. Safari ya pili, ile ya shemeji, tulichelewa Kabarnet tukisubiri chapati na tukatoka saa nne. Tulifika Chebloch karibu saa saba. Tulitazama wale vijana wanaoruka kutoka kwenye miamba hadi mtoni, tukapiga picha, tukapoteza nusu saa nyingine juani. Kufikia Biretwo, chini ya mlima wa Tambach, maji ya chupa yalikuwa na joto la chai. Shemeji akanyamaza. Nilipomtazama usoni alikuwa mkavu, hatoi jasho, na mikono inatetemeka kwenye usukani. Hiyo ni hatari, ndugu, si uchovu.

Mama mmoja aliyekuwa anauza maembe alituona. Hakuuliza tunatoka wapi. Alimlaza chini ya mwembe, akammwagia maji kichwani na shingoni, akampepea kwa kipande cha katoni. Mimi nikachanganya lita moja ya maji, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, akanywa kidogo kidogo. Nilipoanza kuhesabu saa zilizobaki za mwanga, yule mama akaniambia, "Mwanangu, mlima utaukuta kesho." Tulilala Biretwo. Asubuhi tulianza kupanda kukiwa bado na giza kidogo, na ile kona iliyokuwa inatisha mchana ilikuwa na kivuli na ndege.

Kwa hiyo ratiba yangu ya siku ya tatu sasa haibadiliki: kutoka Kabarnet saa kumi na mbili na nusu, kuvuka Kerio kabla ya saa tatu, kupumzika Biretwo kwa chai na maembe kama ni msimu wake, kisha kupanda Tambach taratibu. Naondoka Kabarnet na lita nne za maji hata kama naona aibu ya uzito. Ukichelewa kuondoka, baki Kabarnet siku moja zaidi. Karibu na Iten utakutana na wanariadha wanakimbia, wengine watakupita ukiwa kwenye baiskeli. Wasalimie, wanaitikia. Sweta iwe juu ya mzigo, maana utaihitaji ukiwa bado umelowa jasho.

Mengine kwa ufupi. Nenda kati ya Desemba na Februari. Huko juu Julai na Agosti ni mvua karibu kila alasiri, na kona zikilowa raba za breki hazishiki. Mzigo usizidi kilo 12, vizito viwe chini pembeni mwa gurudumu. Usalama: kuna sehemu za Baringo na Kerio zenye visa vya wizi wa mifugo, hasa kaskazini zaidi, kwa hiyo jioni ya kila siku uliza mwenye gesti na watu wa boda kuhusu njia ya kesho, na ukiambiwa usipite, usipite. Usiku usiendeshe kabisa.

Iten hadi Eldoret ni asubuhi moja tu. Kurudi Nakuru mimi hupandisha baiskeli juu ya matatu, kwa sababu barabara ya Timboroa ina malori mengi mno, ingawa kwa kimo ingekuwa fahari kuimaliza: reli pale inapita zaidi ya mita 2,700, sawa na barabara maarufu ya Stelvio kule Italia.

Niambie unaondoka tarehe gani. Ile gia ya nyuma ya meno 34 ninayo moja stoo, haijachoka, njoo uichukue kabla hujanunua.