Naenda Umra: kuku wangu nimwachie nani?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Naishi Mbagala, nafuga kuku 12 wa mayai nyuma ya nyumba. In shaa Allah naenda Umra wiki mbili. Mume wangu yuko kikazi mkoani, anasema niwajazie chakula na maji ya kutosha, nifunge banda, watakaa tu. Jirani yangu, mama wa Kikristo, yuko tayari kuwaangalia, nikamwambia ujira wake ni mayai watakayotaga. Je, inafaa kumkabidhi? Na kuku wakifa, nimdai?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullah. Dada yangu, hilo la kufunga banda na kuondoka liache kabisa. Kumlisha mnyama unayemmiliki ni wajibu. Wanazuoni wa Kishafi wamesema asiyemlisha mnyama wake hulazimishwa amlishe, amuuze, au amchinje ikiwa analiwa. Kwenda Umra hakukuondolei wajibu huo. Katika Bukhari na Muslim imo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfungia, hakumpa chakula, wala hakumwacha ajitafutie. Kuku wa bandani naye hana pa kujitafutia. Nawe unayafahamu maji ya banda: asubuhi unayaweka safi, saa sita yamejaa pumba na kinyesi, au chombo kimepinduliwa, na kuku wanahema midomo wazi, mbawa wameziachia kwa joto. Hayo ni ya siku moja, seuze wiki mbili.

Kumkabidhi jirani Mkristo inafaa, maadamu ni mwaminifu. Mtume (s.a.w.) na Abubakar walipohama Makka walimkodi Abdullah bin Urayqit awaongoze njia, naye hakuwa Muislamu. Wakamkabidhi ngamia wao wawili, awaletee kwenye pango la Thawr baada ya siku tatu. Waliamana naye kwa wanyama na kwa roho zao.

Penye kasoro ni kwenye mayai. Ujira sharti ujulikane, na hakuna ajuaye kuku watataga mangapi. Joto likizidi au wakiugua, huenda mama wa watu akahudumu wiki mbili akapata machache mno. Basi patana naye fedha maalumu. Au, kama anasaidia kwa ujirani tu, mwambie, “Mayai yote ya siku hizo nimekuruhusu, ule au ugawe.” Hapo si ujira tena, ni ukarimu wako, wala haidhuru yakiwa mengi au machache.

Chakula ni juu yako. Kuku wa mayai hula gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo 12 kwa wiki mbili wanahitaji kilo 20 na ushei. Kiache chote, pamoja na fedha ya dharura, na umruhusu waziwazi kuitumia. Ikipungua akatoa yake kwa idhini yako, ni deni, mlipe ukirudi. Zamu ya chanjo ya kideri ikiangukia siku hizo, wachanje mapema kabla ya safari.

Wakifa kwa ugonjwa au kicheche akiingia naye alikuwa amefunga banda, humdai kitu. Mwenye amana halipi pasipo uzembe. Akiacha kuwalisha hadi wakafa, au akiacha mlango wazi usiku, hapo una haki ya kudai. Ukisamehe, ni hiari yako. Mwambie haya kabla hujaondoka, mbele ya mtu wa nyumbani mwake.

Wallahu a'lam.