Uchafu ndani ya chuma: mbona hauungui tanurini?

SWALI: Habari za kazi fundi. Mimi bado najifunza kukereza. Juzi nilikuwa na shafti kwenye mashine, inakatika vizuri tu, chipsi zinatoka ndefu kama utepe, ghafla tak! ncha ya kisu imemegeka. Kuchungulia pale nakuta kistari cha kijivu, chembamba kama unywele, kimelala kufuata urefu wa shafti. Bosi akasema "hicho chuma kichafu" akaenda zake. Sasa chuma si kinayeyushwa kwa moto wa ajabu, huo uchafu mbona hauungui wote?

JIBU: Salama kabisa. Bosi wako hajakosea ila kakuachia nusu ya jibu. Hauungui kwa sababu uchafu wenyewe ni kitu kilichokwisha kuungua, na majivu huwezi kuyachoma tena.

Iko hivi. Chuma kikitoka tanuri la kwanza kina kaboni kama asilimia 4, ukikipiga nyundo kinapasuka, kwa hiyo kinapulizwa oksijeni ili kaboni iungue itoke kama gesi. Kazi inafanyika vizuri, tatizo oksijeni nyingine inabaki imeyeyukia humohumo, na ukiiacha, chuma kikianza kuganda inashikana na kaboni iliyobaki unapata mapovu ndani. Basi wanatupia alumini, maana alumini ina uroho wa oksijeni kuliko chuma. Inaikamata kweli, lakini wakishashikana wanazaa alumina, yaani kitu kilekile kinachotengenezewa mawe ya kunolea! Chuma pale kiko kwenye joto la nyuzi kama 1600 za Selsiasi, alumina haiyeyuki mpaka upite 2000, kwa hiyo inabaki punje ngumu zinaogelea. Dawa ndiyo inayozaa ugonjwa, hapo mimi huwa nacheka.

Punje nyingi ni nyepesi zinapanda juu kwenye mavi ya chuma, yaani ile takataka iliyoyeyuka inayoelea juu, na wanapuliza gesi ya agoni kutoka chini kuzisaidia. Zile ndogo sana, za maikroni chache (maikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu), zinapanda polepole mno, chuma kinaganda nazo tumboni. Halafu kikimiminwa kikaguswa na hewa njiani, mchezo unaanza upya.

Ila hizo utaziona kwa hadubini tu. Kistari cha kuonekana kwa macho, mimi nashuku ni uchafu wa kutoka nje: mavi ya chuma yaliyovutwa chini wakati wa kumimina, au kipande cha tofali la tanuri kilichomomonyoka, au unga wa kwenye kalibu, yaani chombo chuma kinamogandia. Kiliingia kama tone au kipande, kisha chuma kilipopitishwa kwenye rola kikavutwa kikawa uzi, ndiyo maana kimelala kufuata urefu.

Kuna na salfa, hii ni kesi nyingine. Ikikaa na chuma peke yao wanatengeneza mchanganyiko unaoyeyuka kwenye nyuzi 988 tu, unajipanga katikati ya chembe za chuma, ukikifua kikiwa cha moto kinachanika. Ndiyo maana wanaweka manganizi, metali nyingine, iikamate salfa kwanza. Kinachozaliwa hapo ni laini, hakivunji kisu, tena kuna vyuma vya kukereza vinaongezwa salfa makusudi ili chipsi zikatike fupifupi. Zako zilikuwa ndefu, kwa hiyo sidhani kama shafti yako ni ya aina hiyo.

Sasa ufanyeje? Kereza kidogo tena pale uangalie. Kistari kikiisha na kipimo bado kinaruhusu, paka ile rangi ya kupenya inayoonyesha nyufa, ikitoka safi endelea. Kikizidi kuingia ndani na shafti ni ya kuzunguka na mzigo, weka pembeni, ufa wa uchovu, yaani ule unaoletwa na mzigo wa kurudiarudia, unapenda kuanzia hapohapo. Na kisu kinoe upya kabla hujarudi kazini, ile ncha iliyomegeka itakukwaruzia kazi nzima.