Spika Sita, Sauti Mbili: Kinachopotea Njiani Kati ya Filamu na Homu Thieta

Ukienda dukani kununua homu thieta, mwombe muuzaji aigeuze. Mbele kuna taa za rangi na maandishi ya wati elfu kumi, na hayo hayakusaidii. Namba ya P.M.P.O., yaani hizo wati za matangazo, ipuuze kabisa. Soma kibandiko cha umeme: chombo kinachokula wati 80 ukutani hakiwezi kutoa elfu kumi kwenye spika. Kisha hesabu matundu ya kuingizia sauti, maana hayo ndiyo yanayoamua utasikia nini.

Ukikuta matundu mawili tu ya RCA, jekundu na jeupe, pamoja na Bluetooth, fleshi na redio ya FM, chombo hicho kinapokea chaneli mbili, yaani mikondo miwili ya sauti, kushoto na kulia, kutoka kwenye TV, basi. Spika tano na sabufa haziongezi chochote. Kinachofanyika ni kunakili: spika ya nyuma kushoto inarudia ya mbele kushoto. Kwa muziki wa sherehe inatosha, na hakuna ubaya kuinunua kwa kazi hiyo. Kwa filamu, gari linalopita nyuma ya mhusika utalisikia kila upande kwa pamoja.

Unachotafuta ni tundu la optiko (la waya unaopitisha sauti kwa mwanga; tundu lake la upande wa TV hutoa mwanga mwekundu waya ukichomolewa) au tundu la HDMI lililoandikwa ARC au eARC (njia inayorudisha sauti kutoka TV; eARC ni toleo lake pana zaidi). Zile homu thieta za zamani zenye deki ya DVD ndani zina 5.1 ya kweli, lakini kwa diski zake zenyewe. Sauti ya king'amuzi ikiingia kwa AUX inabaki mbili.

Sasa, 5.1 ni nini hasa? Ni chaneli tano kamili: mbele kushoto, kati, mbele kulia, na mbili za pembeni, ambazo ndizo spika za nyuma. Hiyo ".1" ni chaneli ya mingurumo pekee, inayoishia kwenye hezi 120 hivi. Chaneli moja isiyobanwa, yenye sampuli 48,000 kwa sekunde na biti 16, inakula kilobiti 768 kila sekunde. Sita zinakaribia 4,600. Waya wa optiko na ARC ya kawaida hubeba mbili tu za namna hiyo. Dolby Digital, mfumo wa kubana sauti, huzifunga zote sita kwenye furushi lisilozidi kilobiti 640, na kwenye DVD kikomo ni 448. DTS, mfumo mwenzake, haibani sana. Kwenye DVD hufika 1,509 au 754. Furushi linapita kwenye waya uleule bila shida, mradi lisifunguliwe njiani. TV ikilifungua yenyewe, kinachotoka upande wa pili ni chaneli mbili, na hapo ndipo watu wengi wanapoibiwa 5.1 waliyoinunua.

Kwa hiyo ingia kwenye mipangilio ya sauti ya TV, sehemu ya sauti ya kidijitali inayotoka. Ikiwa imeandikwa PCM, yaani sauti iliyokwisha kufunguliwa, badilisha iwe Auto, Bitstream au Pass Through, kulingana na TV yako. Kama unatumia HDMI, chomeka kwenye lile tundu moja la TV lenye neno ARC, si lolote lililo wazi, na uwashe CEC, njia ya vifaa vya HDMI kuamrishana, ambayo kila kampuni imeipa jina lake la kibiashara. Bila CEC, kwenye TV nyingi ARC haiamki.

Chanzo nacho kina mambo yake. Netflix hutuma Dolby Digital Plus, ambayo haipiti kwenye optiko. TV lazima iigeuze kuwa Dolby Digital ya kawaida kwanza, na isipoweza unabaki na chaneli mbili. Kwenye ARC inapita, hata ikiwa na Atmos (sauti ya Dolby inayotoka na juu pia) ndani. Dolby TrueHD ya diski za Blu-ray inahitaji eARC, au kicheza diski kichomekwe moja kwa moja kwenye risiva, yaani kikuza sauti kinachoendesha spika. Video nyingi za YouTube ni chaneli mbili, usihangaike kutafuta kosa.

Filamu za kwenye fleshi ndizo zenye vituko. Faili lililopunguzwa ukubwa mara nyingi limebakishiwa chaneli mbili za AAC, aina nyingine ya sauti iliyobanwa. Lifungue kwa VLC kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+J, utaona idadi ya chaneli na aina ya sauti. Ukiona DTS, na TV inaonyesha picha bila sauti, TV hiyo haina ruhusa ya DTS. TV nyingi haziiungi mkono. Programu ya bure ya ffmpeg inageuza sauti hiyo kuwa Dolby Digital (ac3) bila kugusa picha:

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a ac3 -b:a 640k mpya.mkv

Namna ya kuhakikisha: weka filamu yenye 5.1, subiri watu waongee, kisha sogeza sikio kwenye spika ya nyuma. Mazungumzo kwenye 5.1 hukaa zaidi kwenye spika ya kati. Yakisikika nyuma kwa nguvu ileile ya kati, sauti inanakiliwa tu. Kabla ya kulaumu waya, angalia kama risiva haijawekwa kwenye All Channel Stereo, inayonakili sauti kwenye spika zote. Chanzo cha chaneli mbili kipe Pro Logic II kama ipo: inapeleka kati kile kinachofanana kushoto na kulia, na kupeleka nyuma kile kinachokwenda kinyume. Ni makisio, lakini kwa mpira wa miguu yanapendeza, maana mtangazaji anabaki kati na kelele za uwanja zinakuzunguka.

Upangaji. Spika zote tano juu ya kabati la TV ni kosa la kawaida, na sababu yake ni waya fupi. Nunua waya mita 10 kwa kila ya nyuma. Ukikaa mita 2.5 kutoka spika za mbele, ziachane kati ya mita 1.9 na 2.5. Za pembeni zikae ubavuni au nyuma kidogo ya masikio, nyuzi 90 hadi 110 kutoka mbele, juu ya masikio kwa sentimita 30 hadi 60. Kama kochi limegusa ukuta, ziweke kuta za kando. Usizitundike nyuma ya kisogo.

Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde, yaani karibu milisekunde 3 kwa kila mita. Spika za nyuma zikiwa mita 1.5 kutoka kwako na za mbele mita 3, za nyuma zicheleweshwe milisekunde 4 hivi. Risiva inayouliza umbali itajipigia hesabu. Hakikisha tu inasoma mita, si futi.

Besi ya sabufa iliyo kwenye kona huvimba. Iweke kwenye kochi unapokaa, cheza besi, tambaa kandokando ya ukuta hadi upate mahali isiponguruma ovyo, halafu iweke hapo. Mpaka ambapo sabufa inazikabidhi spika sauti (crossover) ni hezi 80. Kwa vispika vya inchi 3 panda hadi 120 au 150. Chumba cha tofali na vigae kinarudisha mwangwi mkali, na zulia na pazia nzito vitasaidia kuliko spika ghali zaidi.

Spika za Atmos zinazopiga juu zinahitaji dari tambarare ya mita 2.3 hadi 3.7. Chini ya mabati yaliyoinama ni kupoteza pesa bure.

Mwisho, waya. Chanya kwa chanya kila spika. Ukitilia shaka zile mbili za mbele, zisogeze zitazamane karibu, cheza sauti ya mono, kisha geuza waya za moja. Mkao wenye besi nene ndio sahihi.