Mlima Kenya, Sirimon hadi Chogoria, mkibeba mahema wenyewe

Mkuu, umeuliza kama vijana watatu wenye mazoezi mnaweza kupandia njia ya Sirimon na kushukia njia ya Chogoria kwa siku nne, mkibeba kila kitu na kulala kwenye mahema yenu. Mnaweza. (Kilimanjaro usingeruhusiwa bila kampuni yenye leseni, kwa hiyo mmechagua mlima sahihi.) Lakini siku nne zifanyeni tano, na hilo mlimalize kabla hata ya kuulizia bei ya hema.

Lango la Sirimon liko kama mita 2,650. Usiku wa kwanza watu hulala kambi ya Old Moses, mita 3,300, wa pili kambi ya Shipton's, mita 4,200, halafu saa tisa usiku wanaamka kwenda kilele cha Lenana, mita 4,985. Hiyo ni zaidi ya mita 2,300 juu katika siku mbili na kidogo. Wenye mazoezi ndio wanaoumia hapo, maana miguu yao inawaruhusu kukimbia kabla damu haijazoea hewa nyepesi. Nimewahi kushuka usiku na jamaa mcheza mpira. Kichwa kilianza kumuuma mchana, jioni akakataa chakula, usiku akatapika. Tukashuka na tochi, na kabla hatujafika mbali akaanza kuulizia chai. Laleni Shipton's siku mbili. Mchana wa katikati pandeni kidogo mkavione vilele vya Batian na Nelion kwa karibu, kisha rudini chini kulala. Mwenzenu akiyumba kama mlevi, au akihema ilhali amekaa tu, msisubiri kukuche.

Sasa chakula, ambako wengi wetu tunachemka. Shipton's maji yanachemka kwenye nyuzi joto 86 hivi, siyo 100. Maharage yatamaliza gesi yote na bado yatakuwa mawe; wali unabaki na kiini. Moto wa kuni hifadhini hauruhusiwi, kwa hiyo msitegemee kuongeza kuni. Bebeni tambi nyembamba, unga wa uji, dagaa waliokaangwa nyumbani, karanga, na chapati za siku mbili za mwanzo. Sukari msiibanie. Mtungi wa gesi ulaleni nao, kwa sababu gesi ya butane ikikaribia nyuzi sifuri inagoma, na asubuhi mtakuwa mnalitazama jiko tu. Chakula kisiachwe nje hata dakika tano: pimbi wa Shipton's wameshazoea watu na hawana aibu.

Kuhusu baridi, hela yenu iende kwenye godoro la sponji kabla ya hema la kifahari. Ardhi inanyonya joto kuliko upepo unavyolipeperusha, na mfuko wa kulalia ukilaliwa unabonyea, upande wa chini haukukingi tena. Wekeni seti moja ya nguo kavu ya kulalia tu, ndani ya mfuko wa plastiki, na isivaliwe kutembelea hata mvua iwanyeshee vipi. Tundu la hewa la hema liacheni wazi. Mkilifunga, pumzi yenu itaganda kwenye turubai na asubuhi itawadondokea.

Mpagazi mmoja mchukueni hata kama mnajiamini, na kiongozi msipande bila yeye. Ukungu ukishuka upande wa Chogoria, njia ya kutoka Lenana inapotea mbele ya macho yako.

Kushuka Chogoria ndiko kuzuri kuliko kote, msikukimbilie. Ningelala usiku mmoja bondeni karibu na Ziwa Michaelson, nikatishe siku ya kilele katikati, maana magoti ndiyo yanayolipa ile furaha ya Lenana. Gari la kuwachukua langoni lipangeni kabla hamjapanda, na liwe la kuweza matope. Kutoka pale hadi mji wa Chogoria ni msitu mrefu, na mkiwa na mabegi migongoni hamtautamani.