Mtoto anayekimbia kitabu: yaliyonikuta mimi

Mkuu, umeuliza ufanyeje na mwanao wa darasa la tatu ambaye akiona kitabu anatafuta mlango. Umesema rimoti umeshaificha, ratiba umeshabandika ukutani, na viboko viwili vitatu vimeshapita. Nakujibu kwa kirefu kwa sababu hayo yote niliyafanya na yaliniharibia.

Binti yangu wa kwanza alipokuwa darasa hilohilo, nilinunua vitabu sita kwa mkupuo pale Posta, katikati ya jiji la Dar, kwa wale wanaotandika chini. Sheria ikawa kurasa mbili kabla ya katuni. Akimaliza namhoji: nani alikwenda wapi, sungura alimjibu nini fisi. Akikosa, anarudia. Akifanya utundu wowote hapo nyumbani, hata wa kumwaga maji, adhabu ni kurasa tano. Wiki ya tatu mtoto akaanza kuumwa tumbo kila ikifika saa moja jioni. Mama yake akaniambia, "Baba watoto, kitabu umekifanya fimbo, halafu unataka akipende?" Nilikasirika, lakini sikuwa na jibu.

Kulikuwa na kosa jingine. Anasoma shule ya Kiingereza, kwa hiyo vitabu vyote nilivyonunua vilikuwa vya Kiingereza. Anavitiririsha kama mtangazaji wa habari, nami najisifu kwa jirani. Siku moja nikamsimamisha katikati ya sentensi nikamuuliza maana yake. Kimya. Sentensi ya pili, kimya. Alikuwa anatamka tu! Mwalimu mmoja tuliyepanga naye nyumba moja akanionyesha kipimo rahisi: mpe mtoto ukurasa mmoja, kila neno asilolijua akunje kidole. Vikiisha vitano kabla ukurasa haujaisha, kitabu hicho bado, weka kabatini. Vitabu vyangu sita, vitano vilikwenda kabatini.

Sasa kilichomgeuza hakikuwa kitabu. Ilikuwa kanga. Jumamosi mama yake kaanika nguo, mtoto yuko uani anacheza, akasimama mbele ya kamba akawa anasoma silabi kwa silabi: "U-si-sa-fi-ri-e nyo-ta ya mwe-nzi-o." Akageuka: "Mama, kwani nyota inapandwa kama daladala?" Mama yake akaacha beseni, akamweleza habari za manahodha waliokuwa wakitazama nyota usiku baharini wajue wanaelekea wapi. Dakika kumi nzima, na mtoto anauliza tu. Mimi nilikuwa dirishani nasikia, na ndiyo mara ya kwanza nikaelewa kwamba huyu mtoto hachukii kusoma, anachukia mtihani wangu wa jioni.

Basi ukawa mchezo. Kila kanga inayopita anaikimbilia. Siku moja alimsomea mama mwenye nyumba kwa sauti kubwa, mbele ya wapangaji wote: "Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake." Na wiki hiyo tulikuwa tumechelewesha kodi. Ikabidi avutwe ndani. Baada ya hapo akahamia kwenye vibao vya daladala, matangazo ya ukutani, mpaka kipande cha gazeti kilichofungia vitumbua, kina mafuta lakini anasoma.

Maswali ya jioni nikayafuta kabisa. Badala yake nikawa nasoma mimi, kwa Kiswahili, yeye kalala pembeni. Mbinu yenyewe iko hapa, kwa hiyo soma vizuri: usimalizie. Fisi anasukuma mlango, sungura yuko uvunguni, hapo hapo funga kitabu, sema umechoka, kiache mezani mahali anapofika. Wiki mbili za kwanza hakukigusa, sikudanganyi. Aliniomba tu niendelee kesho yake. Wiki ya tatu narudi kutoka kazini ananisimulia mwisho wa hadithi kabla sijavua viatu. Nilijifanya kununa kwamba kanimalizia uhondo. Kiingereza kilifuata chenyewe baadaye, na safari hiyo kwa kuelewa.

Simu nayo. Kama jioni nzima uko WhatsApp, ratiba ya ukutani haina kazi. Tumia hata robo saa kushika gazeti akuone.

Kuhusu gharama, usijitishe. Sisi tulikuwa tunakwenda Maktaba Kuu ya Taifa hapa Dar, barabara ya Bibi Titi, ile aliyoifungua Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ina sehemu ya watoto. Kama uko mkoani, ulizia maktaba ya mkoa. Kuna pia tovuti ya African Storybook, hadithi fupi za bure, za Kiswahili zipo, zimepangwa kwa ngazi. Mimi nilikuwa nachapisha mbili tatu steshenari, nabana kwa pini, mtoto anapaka rangi jalada mwenyewe. Hizo za karatasi ndizo alizozipenda kuliko vya duka, labda kwa sababu hakuna aliyemwambia "usikichane".

Usitegemee dawa moja iwaponye wote, lakini. Mdogo wake wa kiume, hadithi za sungura hazimwambii kitu. Yeye ni kurasa za michezo, Simba na Yanga, nani kasajiliwa, nani kaumia goti. Shangazi yake analalamika kwamba huko si kusoma. Mimi namwacha. Mtoto wa darasa la nne anayebishana na mjomba wake kwa kumfungulia gazeti na kumwonyesha mstari, unamdai nini zaidi?

Anza na vitabu vya chini ya darasa lake, asisikie aibu wala usimwambie ni vya wadogo. Nina mfuko wa vya darasa la kwanza na la pili umekaa bure hapa Tabata. Kama uko karibu nitumie ujumbe uje uchukue, ila kimoja hakina kurasa mbili za mwisho, kwa hiyo mwisho wake mtautunga wenyewe.